Sahihi Tatu kwa Mkono Mmoja: Fundi Umeme Akijiajiri, Nani Anabaki Kumwangalia?

Siku hizi mafundi umeme wengi wanaacha ajira na kuanza kujitegemea, na sababu iko wazi kabisa. Sola, inveta, betri za nyumbani, chaja za magari ya umeme, kazi zimekuja nyingi kuliko kampuni zinavyoweza kuzimaliza, na mtu aliyekaa saiti miaka mitano sita anajua vizuri hela anayomwingizia bosi na hela anayobaki nayo yeye, basi anatoka. Akishatoka tu anakutana na mlolongo wa leseni, usajili, bima, mita za kupimia, ukaguzi, na hapo ndo ubishi unapoanza. Kuna wanaosema usajili ni mtego wa kumkamua kijana anayeanza maisha, na kuna wanaosema bila usajili nyumba zitaungua na watu watakufa. Mi naona pande zote mbili zinabishania kitu ambacho sicho. Wote wanauchukulia usajili kama mtihani wa pili wa ufundi, kwamba huyu anajua au hajui, wakati kazi yake halisi ni kumrudishia fundi jicho la pili alilolipoteza siku aliyoacha ajira. Ukiuangalia hivyo utaona kwamba usajili unahitajika, na utaona pia kwamba sehemu nyingi umepangwa vibaya, unakuwa mkali pale usipotakiwa na mlegevu pale palipo na hatari yenyewe.

Nieleze hilo jicho la pili maana ndo msingi wa hoja yangu yote. Chukua fomu ya cheti cha kazi ya umeme iliyokamilika inayotolewa pamoja na kitabu cha kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671. Pale chini kuna sehemu tatu za kusaini. Ya kwanza ni ya aliyebuni, yaani aliyepiga hesabu za saizi ya waya, ukubwa wa breka, na mfumo wa ethi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, utakaotumika. Ya pili ni ya aliyeifanya kazi kwa mikono yake. Ya tatu ni ya aliyekagua na kupima. Ukiwa umeajiriwa, mara nyingi unasaini moja tu, ya kufanya, mchoro ulitoka ofisini na vipimo anakuja kuchukua mwingine, na hata ukipima mwenyewe kuna msimamizi anaipitia karatasi yako kabla haijafika kwa mteja, akiona namba ya ajabu anakuita, we hii ohm umeipataje? Siku ukijiajiri zile sahihi tatu zote ni zako, na ipo hata fomu fupi kwa ajili hiyo, ya mtu mmoja aliyefanya yote matatu. Ufundi wako haujapungua hata kidogo, unajua kilekile ulichokijua ijumaa iliyopita ukiwa kwa bosi, kilichoondoka ni yule mtu wa kukuuliza.

Sasa watu wanachanganya karatasi tatu tofauti na mchanganyiko huu ndo unaoharibu mjadala. Kuna cheti cha mafunzo, kinachosema ulisoma na kufaulu siku fulani, hiki hakifi lakini kinazeeka. Kuna leseni au usajili, unaosema leo hii unaruhusiwa kufanya kazi za aina fulani kwa jina lako na kuna mamlaka inayokujua. Halafu kuna hati ya kila kazi, ile inayosema nyumba hii, bodi hii ya breka, sakiti hizi, zimepimwa tarehe hii na fulani na majibu ni haya. Cheti cha mafunzo kinamhusu mtu, hati inaihusu kazi, na usajili upo kuunganisha hivyo viwili, kwamba kila kazi iwe na jina la mtu anayepatikana. Nchi zenyewe zimepanga kwa namna tofauti. Kenya leseni ya fundi na leseni ya kontrakta ni vitu viwili, kwa hiyo kujua kazi hakukupi moja kwa moja ruhusa ya kuichukua kazi kwa jina lako. Tanzania leseni zinazotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zina madaraja, kila daraja na mipaka yake. New Zealand fundi ana leseni anayoihuisha kila baada ya miaka 2, halafu kazi zilizowekwa kwenye kundi la hatari kubwa haziishii kwa sahihi yake mwenyewe, lazima mkaguzi mwingine mwenye leseni aje aziangalie. Hao wa New Zealand wamekaribia kabisa hiki ninachokisema, sheria yao imekubali kwamba kuna kazi ambazo mtu mmoja hatoshi hata awe mzuri namna gani.

England ni mfano mzuri zaidi wa jinsi jambo hili linavyochanganya watu, kwa sababu kule mpaka leo neno fundi umeme halijalindwa na sheria, yeyote anaweza kujiita. Kilichowekwa, kuanzia Januari 2005, ni sehemu ya kanuni za majengo inayoitwa Part P, ambayo haimuulizi mtu wewe ni nani, inaiuliza kazi imefanywaje na nani ametaarifiwa. Ukifanya kazi kubwa kwenye nyumba ya mtu, mfano sakiti mpya au kubadilisha bodi nzima, lazima idara ya majengo ijue. Fundi aliyejisajili kwenye skimu iliyoidhinishwa, kama NICEIC au NAPIT, anajithibitishia mwenyewe kazi yake na taarifa inapelekwa ndani ya siku 30. Ambaye hajajisajili hajakatazwa kufanya kazi, ila inabidi aitaarifu idara kabla hajaanza na alipie, na tangu kanuni zilipofanyiwa mabadiliko 2013 kuna njia nyingine ya kumpata mtu wa tatu aliyesajiliwa aje akague na kuithibitisha. Kwa hiyo pale mtu anaponunua usajili hanunui ruhusa ya kushika bisibisi, ananunua haki ya kusaini mwenyewe bila kumwita mtu kila kazi. Ni haki kubwa sana hiyo, na ndo maana naona ni sawa iwe na masharti, ila masharti yafanane na kile kinachotolewa.

Mwenye mashaka aulize kwanza kwa nini umeme upewe uzito huu wakati fundi bomba au fundi rangi haandamwi hivi. Bomba likifungwa vibaya linavuja, unaliona, unalalamika. Umeme uliofungwa vibaya unafanya kazi vizuri tu. Chukua soketi ambayo waya wake wa ethi umekatika ndani ya ukuta, chaji simu, inachaji, washa feni, inazunguka, miaka inapita, hakuna kitakachokuambia kuna tatizo mpaka siku waya wa laivu ndani ya kifaa cha bati ukigusa bati, na hapo umeme ambao ulitakiwa ukimbilie ethi na kuangusha breka unabaki umekaa kwenye bati unamsubiri mtu. Au swichi ya taa iliyokata nyutro badala ya laivu: ukizima taa inazimika kama kawaida, mteja anaridhika, lakini kwenye holda umeme bado upo, na atakayejua ni yule atakayepanda ngazi kubadilisha taa akiamini swichi imezimwa. Hakuna jicho la kawaida linaloona vitu hivi. Vinaonekana kwa mita tu, na kwa mpangilio: kwanza mwendelezo wa waya za ethi umeme ukiwa umekatwa, kisha unapima insulesheni, yaani kama ganda la waya halivujishi umeme, kwa volti 500 ukitaka isipungue megaohm 1, kisha polariti, yaani kama laivu na nyutro hazijageuzwa, ndo unawasha na kupima njia ya hitilafu na kuijaribu RCD, ile breka ya kukata umeme ukivuja, kama ni ya milliampea 30 ya kawaida ikate ndani ya milisekunde 300. Kuvichukua vipimo hivi vyote kwenye nyumba ya kawaida kunakula muda mrefu, na ni muda ambao mteja hauoni faida yake kabisa, haoni waya ikitandazwa, haoni taa mpya ikiwaka, anaona mtu anazungukazunguka na mita na daftari. Hapo ndo fundi aliyejiajiri anapojaribiwa, kwa sababu muda huo sasa ni wake yeye, haulipwi na bosi tena.

Niseme na hoja za upande wa pili, maana nyingine zina nguvu na si haki kuzipita juujuu. Yenye nguvu kuliko zote imetoka kwa wachumi wawili wa Marekani, Sidney Carroll na Robert Gaston, waliochapisha 1981 utafiti wao kuhusu leseni na ubora wa huduma. Kwa upande wa umeme walikuta kwamba masharti magumu ya kuingia kwenye kazi yanaendana na mafundi kuwa wachache kwa idadi ya watu, na pale mafundi walipo wachache vifo vya kupigwa na umeme kwa ajali vinakuwa vingi. Maelezo yake yanaingia akilini, fundi akiwa adimu anakuwa ghali, akiwa ghali mtu anapanda juu ya dari mwenyewe, au anamwita shemeji yake anayejuajua. Hii ni hoja ya kweli na kila anayetunga kanuni za usajili inabidi aiweke mezani, kwa sababu kama masharti yako yanampunguza fundi mzuri mmoja mtaani, pengo lake halibaki wazi, linazibwa na mtu asiyejua kitu. Lakini iangalie vizuri hiyo hoja inapiga nini. Inapiga mlango mwembamba, miaka mingi ya kusubiri, nafasi chache, mitihani inayowalinda waliotangulia. Haipigi ukaguzi wa kazi iliyokwisha fanyika. Unaweza ukaupanua mlango na hapohapo ukaongeza ukaguzi, na mi nadhani ndo inavyotakiwa, ila serikali na vyama vya mafundi mara nyingi vinafanya kinyume chake, mlango unabanwa na mtu akishaingia haguswi tena, anahuisha leseni kwa kulipa tu.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya gharama za kuanza, na hapa nawaunga mkono vijana moja kwa moja. Mtu ametoka kwenye ajira na akiba ndogo, anatakiwa anunue mita yenye vipimo vyote na aipeleke kuhakikiwa usahihi wake, akate bima, anunue kitabu cha kanuni, alipe ada ya maombi, alipe ada ya mwaka, halafu siku ya kukaguliwa anaambiwa onyesha kazi ulizofanya. Kazi zipi? Ili ajisajili anahitaji kazi, na ili apate kazi za maana anahitaji usajili. Anazunguka humo miezi na miezi, wengine wanachoka wanafanya kazi kimyakimya bila karatasi yoyote, na hapo mfumo umempoteza mtu ambaye alikuwa anataka kufuata utaratibu. Tusimlaumu fundi pekee kwa hilo, mlango wenyewe ndo umejengwa hivyo.

Halafu kuna hoja ambayo ndo inasikika zaidi kuliko zote na ndo dhaifu kuliko zote, kwamba soko litachuja lenyewe, fundi mbaya atakosa wateja na mzuri ataitwa tena. Inakuja kwa sura nyingine pia, ile ya mzee wa kazi anayesema nimefanya miaka 20 na haijawahi kuungua nyumba. Kwenye biashara ambazo mteja anaona alichonunua soko linachuja kweli. Kwenye umeme mteja anaona soketi imenyooka, ukuta umezibwa vizuri, fundi alifika kwa wakati na hakuacha uchafu, basi anampa sifa zote na anamwelekeza kwa jirani, na hivyo vyote ni vizuri lakini havina uhusiano wowote na ethi. Na hitilafu ikija kutokea baada ya miaka 7 anayeumia anaweza akawa mpangaji ambaye hakumwona hata huyo fundi, au mtoto aliyezaliwa baada ya kazi kuisha, soko litamfikiaje huyo? Na yule mzee wa miaka 20, namheshimu, ila swali langu kwake ni moja: umezirudia ngapi ukazipima? Kama hukupima na hujarudi, unachojua ni kwamba hujapigiwa simu. Wapo wengi kati yao ambao kazi zao ni nzuri kweli na wangepita ukaguzi bila shida, lakini hawajui wao wala sisi hatujui, na mtu mwingine anayesema maneno hayohayo ameacha nyuma yake nyumba ambazo breka haziwezi kuanguka kwa sababu njia ya ethi ina ukinzani mkubwa mno.

Anayetaka kuona jicho la pili likikosekana kwenye kazi iliyopanuka ghafla atazame Australia 2009. Serikali yao ilianzisha mpango wa kuweka insulesheni ya joto kwenye dari za nyumba, hela nyingi, haraka, kampuni ndogondogo zikaibuka kila kona. Mwanzoni mpango ulikuwa kila anayepanda darini awe na mafunzo, baadaye sharti likalegezwa likabaki kwamba msimamizi ndo awe na sifa, na huyo msimamizi hakulazimika awe pale darini. Vijana wanne walikufa ndani ya miezi michache, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto. Moja ya hatari zilizogundulika ni pini za chuma za kubania foili, ile insulesheni ya karatasi ya metali, zinazoweza kutoboa waya uliolala darini na kuifanya foili nzima iwe na umeme, na pini hizo zilikuja kupigwa marufuku mwaka huohuo baada ya kifo cha kwanza. Februari 2010 mpango ukafungwa, na 2014 tume ya kifalme iliyochunguza mpango huo ikatoa ripoti yake. Hawa hawakuwa mafundi umeme, najua, na hilo ndo linanisumbua zaidi, kwamba walikuwa wanafanya kazi kando ya nyaya bila mtu wa kuwaambia. Ninapoona sola inavyokimbia sasa hivi, na betri, na timu zinazofunga paneli juu ya paa mbili kwa siku huku mwenye leseni yuko ofisini anasaini, naiona hali ileile ya msimamizi wa kwenye karatasi.

Na hapo nafika kwenye lawama yangu kwa mifumo ya usajili yenyewe, kwa sababu kuitetea hakumaanishi kuifumbia macho. Kwenye skimu nyingi mkaguzi akija kwa mwaka, mara nyingi fundi ndo anapendekeza kazi ya kwenda kuangalia. Sasa nani atampeleka mkaguzi kwenye kazi aliyoifanya usiku kwa haraka? Atapelekwa kwenye bodi iliyopangwa nyaya kama nywele zilizosukwa. Pili, kampuni inaweza kusajiliwa kupitia msimamizi mmoja mwenye sifa, halafu chini yake wakafanya kazi watu wengi ambao yeye hawaoni, wakati fundi wa peke yake anakaguliwa yeye mwenyewe, mikono yake na mita yake, kwa hiyo mdogo anabanwa kuliko mkubwa. Tatu, na hili linauma, ni biashara ya muhuri. Mwenye leseni anakaa nyumbani, fundi asiye na leseni anafanya kazi, anamletea fomu, anagongewa muhuri, analipa, kazi imeisha. Aliyegonga hajawahi kukanyaga kwenye hiyo nyumba. Namba zilizoandikwa kwenye fomu ukiziangalia utazijua, sakiti 8 zote zina insulesheni sawasawa, zote zina ukinzani uleule hadi desimali, kana kwamba waya wa mita 4 na wa mita 30 ni sawa. Kijana aliyetoka kwenye ajira ndo mteja mkubwa wa biashara hii, kwa sababu mlango wa halali umemkataa kwa ile habari ya onyesha kazi kwanza, na mimi simlaumu sana yeye kama ninavyomlaumu anayemgongea, maana huyo alipewa kazi ya kuwa jicho na ameamua kulifumba kwa malipo.

Mimi mwenyewe nilielewa jambo hili kwenye kazi za mwanzo kabisa nilizofanya peke yangu. Ilikuwa jioni, kila kitu kimefungwa, mteja kashafagia, nabaki kupima tu. Sakiti moja ya soketi ikanipa megaohm 0.4. Nikarudia, 0.4. Nikiwa kwa bosi ningesema naacha nitarudi kesho, au yeye ndo angesema. Pale nilikuwa mimi na kalamu, na nakumbuka vizuri kabisa kwamba kichwani ilipita namba nyingine, ile namba nzuri ambayo huwa naiandika, na nikajua hakuna mtu yeyote duniani angeikuta tofauti. Nilizifungua soketi moja baada ya nyingine, nikagawanya sakiti katikati, nusu hii safi nusu ile chafu, nikagawanya tena, mpaka nikaikuta: screw ya boksi ilikuwa imeibana waya ukutani na kuichuna ganda. Niliikata ile sehemu nikaibadilisha, nikapima, sindano ikapanda mpaka mwisho. Niliondoka usiku. Kilichonitisha si ile screw, screw inambana mtu yeyote, ni ile dakika niliyosimama na kalamu. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na ujuzi, na wala sikuwa mtu wa hovyo, lakini hakuna kati ya hivyo kilichokuwa kinasimama kati yangu na ile namba ya uongo isipokuwa uchovu wangu na dhamiri yangu vikishindana. Ndo maana nikisikia mtu anasema usajili ni dharau kwa fundi mwenye ujuzi siwezi kukubaliana naye.

Kuna na suala la ujuzi kuzeeka, ambalo kwa aliyejiajiri ni zito kuliko kwa aliyeajiriwa, kwa sababu kwenye kampuni kuna mtu kazi yake ni kusoma mabadiliko. Miaka yote tulifundishwa umeme unatoka kwenye gridi unaenda kwa mteja, upande mmoja. Ukiweka sola na betri, nyumba nayo inarudisha umeme, na ile breka uliyozoea kuifunga inaweza ikawa ya upande mmoja, imetengenezwa iingizwe umeme kwa upande wake mmoja tu, ukiilisha kwa upande wa pili inaweza kushindwa kukata au kuungua pale inapotakiwa kukata. Hili lilikuwa zito kiasi kwamba Julai 2024 BS 7671 ilitolewa marekebisho ya tatu hasa kwa ajili ya vifaa vya pande mbili. Na upande wa paneli ni DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, mamia ya volti, huwezi kuizima wakati jua linawaka, na cheche yake haijizimi kirahisi kama ya AC, umeme wa gridi, ambayo inapita sifuri mara nyingi kila sekunde. Fundi aliyemaliza mafunzo miaka 10 iliyopita akajiajiri mwaka jana anaweza awe hodari kabisa wa nyumba na asijue lolote kati ya haya, na cheti chake cha mafunzo hakitamwambia. Usajili unaohuishwa kwa kulipa ada tu nao hautamwambia.

Kwa hiyo ukikubali kwamba usajili ni jicho la pili, mpangilio wake unabidi ugeuke. Mtu anayejiajiri kwa mara ya kwanza apewe usajili wa muda siku anapoomba, akiwa na cheti chake na bima, kwa mipaka midogo, tuseme nyumba za fezi moja bila sola wala betri, na badala ya kuambiwa leta kazi ulizofanya, aambiwe kazi zako za mwanzo zote tutazipitia. Hapo ule mzunguko wa kazi kwanza au usajili kwanza unaisha. Kazi za kukaguliwa baada ya hapo achague mkaguzi kwenye orodha ya hati zilizopelekwa, asichague fundi, na lisiwe jambo la siku moja kwa mwaka inayojulikana tarehe. Ada ya mwaka ipungue na hela ielekee kwenye ukaguzi wenyewe, kwa sababu fundi anayelipa na akaona mtu amekuja kweli akafungua bodi yake anajua amelipia nini. Daftari la waliosajiliwa liwe wazi kwa mteja, na lionyeshe si jina tu bali mtu anaruhusiwa kufanya nini, maana leo mteja akiona neno amesajiliwa anadhani ni kila kitu. Na sheria ya muhuri iwe kali kuliko ya kufanya kazi bila leseni, maana asiye na leseni anajulikana hana, huyu mwingine anaweka jina lililoaminiwa kwenye kazi asiyoijua.

Kuna watakaosema wakaguzi hawatoshi. Kweli hawatoshi, lakini wazee wa kazi wapo, wale wa miaka 20 na 30 ambao magoti yamechoka kupanda darini na vichwa bado viko vizuri. Wapewe mafunzo ya ukaguzi, wapewe mita, walipwe kwa kila kazi ya kijana wanayoipitia, na wao wenyewe waanze kwa kupimiwa kazi zao tatu nne za zamani. Kijana anayeanza anahitaji mtu wa kumpigia simu saa moja jioni akiwa na megaohm 0.4 na mteja amesimama mlangoni, na mzee huyo anaweza kumwambia gawanya sakiti katikati, anza na soketi uliyoifunga mwisho. Kwa sasa hakuna skimu ninayoijua inayomlipa mtu kupokea simu hiyo.